Deni la Mpiga Picha

Mtu akaaye mbele ya kamera humwazima mtu mwingine uso wake. Humwazima kwa kitambo kidogo sana, pengine hakizidi kupepesa jicho, lakini kitokacho katika kitambo hicho chaweza kuishi miaka mingi baada ya mwenye uso kuzikwa. Basi nakuuliza, msomaji: aipokeaye amana hiyo anadaiwa nini? Je, wajibu wake ni kumwonyesha mtu jinsi alivyo, au jinsi apendavyo kuonekana? Na ikiwa mambo haya mawili hayakubaliani, lipi lifuatwe?

Zamani swali hili liliwahusu mafundi wachache. Katika mji mzima huenda walikuwapo watu wawili au watatu wenye kamera, na wengine wote walikuwa wateja wao. Leo simu ipigayo picha imeingia karibu kila nyumba, na swali limetoka dukani kwa fundi likaingia mfukoni mwako. Nimeona yafaa tulitazame kwa kufuata maisha ya fundi mmoja ambaye hakusomea kazi yake katika chuo chochote, akaipenda, akaifanya kwa filamu, na kwa miaka mingi akapiga hasa picha za aina moja: picha za watu waliokuja kwake kwa hiari yao wenyewe wakitaka sura zao zihifadhiwe.

Fundi huyo ni Seydou Keïta. Alizaliwa karibu na mwaka 1921 katika mji wa Bamako, wakati nchi tuiitayo Mali ilipokuwa koloni la Ufaransa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto watano. Baba yake na ami yake walikuwa maseremala, na yeye hakupelekwa shule; alitiwa katika kazi ya mbao angali mdogo, akajifunza kutengeneza samani. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka safari ya Senegal, akamletea zawadi ya kamera ndogo ya Kodak pamoja na filamu ya picha nane. Picha nane! Kijana wa leo huzimaliza kabla chai ya saa nne haijapoa. Seydou alizitumia kwa jamaa na rafiki zake, baadaye kwa majirani, huku mkono mmoja ungali umeshika randa.

Husemwa kwamba mtu huyu alijifunza mwenyewe, na neno hili lataka kufahamiwa vema, maana vijana hulipenda sana na mara nyingi hulitumia kama fimbo ya kuwapigia walimu. Kujifunza mwenyewe si kukataa kufundishwa. Katika Bamako alikuwapo Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, mwenye duka la vifaa vya picha. Seydou alikwenda kwake akatazama na kuuliza. Alikuwapo pia mwalimu wa shule aitwaye Mountaga, naye mpiga picha, aliyemwonyesha jinsi ya kusafisha picha katika chumba cha giza. Mimi niliyepitia chuo cha ualimu siwezi kuficha furaha yangu kwamba nyuma ya fundi asiyesoma shule alisimama mwalimu wa shule. Lakini hakuna aliyempangia Seydou masomo, hakuna aliyemtahini, wala hakuna aliyemngojea na cheti mwishoni. Alichokijua alikitafuta kwa sababu alikitaka. Mtu wa namna hiyo hupata faida moja ambayo sisi wa madarasani huikosa mara kwa mara: hajui mahali ambapo somo linatakiwa kwisha.

Mwaka 1948 alifungua studio katika kiwanja cha jamaa yake, mtaa wa Bamako-Coura, nyuma ya gereza kuu. Kituo cha reli itokayo Dakar hakikuwa mbali, wala soko. Kwa hivyo walipita hapo watu wa kila namna: makarani, wafanya biashara, wasafiri wanaongoja gari la moshi, askari, mabibi arusi, akina mama na watoto wao wachanga. Habari zilienea kwamba kwa Keïta mtu hutoka vizuri. Usilipuuze neno hilo. Kutoka vizuri katika picha ni jambo ambalo watu walikuwa tayari kulisafiria.

Sasa nataka utazame kazi yenyewe, kwa sababu swali letu limefichwa humo. Seydou alifanya kazi kwa kamera kubwa ya miguu mitatu. Ndani yake hutiwa kipande kimoja cha filamu chenye sentimita 13 kwa 18. Filamu ni utando mwembamba uliopakwa chumvi ya madini ya fedha, na chumvi hiyo hugeuka ikipigwa na nuru. Lakini mageuzi hayo hayaonekani kwa jicho. Fundi hufunga, hulipa kisogo jua, huingia katika chumba cha giza, na humo, baada ya kukiosha kile kipande katika dawa, huanza kuona alichokipata. Nacho hukiona kinyume: penye weupe pamekuwa peusi na penye weusi pamekuwa peupe. Hiyo ndiyo huitwa negativu. Hulazwa juu ya karatasi ya picha, ikamulikwa, na mtu akarudi katika rangi zake za haki, kwa kipimo kile kile cha sentimita 13 kwa 18, sawa na barua iliyokunjwa.

Filamu ilikuwa ghali. Kwa sababu hiyo Seydou aghalabu alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Fikiri maana yake. Mtu amevaa nguo zake bora, ametoka mbali, ameketi. Na wewe unayo nafasi moja, wala hutajua kama umeipata au umeikosa mpaka yeye amekwisha kwenda. Katika hali hiyo kazi kubwa ya mpiga picha hufanyika kabla ya picha. Ni lazima amtazame mtu. Hamtazami kwa kutupa jicho, bali kama seremala atazamavyo ubao kabla ya kuupasua, akitafuta nyuzi zake zinakoelekea; maana ubao uliokosewa haurudi kuwa mti. Seydou alijisifia jambo hili zaidi ya yote. Kupiga picha, alisema, ni rahisi. Ugumu ni kujua mtu akae vipi, na katika hilo aliamini kwamba hakosei. Aliinamisha kichwa kidogo, akageuza bega, akaweka mkono juu ya goti au juu ya bega la ndugu. Ukizitazama picha zake utaona kwamba mikono haikusahauliwa. Mpiga picha mvivu huiacha mikono ining'inie kama nguo kwenye kamba, akidhani uso peke yake unatosha. Katika picha za Keïta mikono husema: huu wa mama umemshika mtoto bila kumbana, huu wa kijana unajua kwamba una saa.

Pazia lake la nyuma la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye vishada pembeni. Kila baada ya miaka miwili mitatu alilibadili, hata baadaye aliweza kutaja picha fulani ni ya miaka gani kwa kutazama kitambaa tu. Mara nyingine mwanamke alikuja amevaa gauni la maua mengi akakaa mbele ya kitambaa cha maua mengi, na nguo na pazia vikaingiana hata uso wake ukachomoza kama mwezi katikati ya mawingu. Walionunua vitabu vya picha hizi baadaye walistaajabu sana wakaona ni hekima kubwa. Pengine ni hekima. Pengine ni bahati ya mtu aliyekuwa na shuka moja. Mimi naona ni vyote viwili, na sioni haja ya kuvitenga.

Nimekaa sana juu ya uangalifu huu kwa sababu naamini ndio sehemu ya kwanza ya lile deni. Mtu anayekuazima uso anataka kwanza umtazame. Wako watu wengi ambao katika maisha yao hawakupata kutazamwa kwa dakika kumi mfululizo na mtu asiyetaka kuwatuma, kuwauzia kitu, wala kuwakemea.

Lakini hapa latokea jambo gumu, nami sitalizunguka. Katika studio ya Keïta zilikuwako nguo za Kizungu zilizotundikwa tayari, shati, tai na koti, za kuazimwa na mteja asiye nazo. Zilikuwako saa za mkono, kalamu za wino, maua ya plastiki, redio, simu na pikipiki aina ya Vespa. Gari lake mwenyewe, Peugeot 203, mara nyingine liliingia katika picha pamoja na watu ambao hawakuwa na gari. Mtu aliyekuja na kanzu iliyochakaa aliweza kuondoka na picha ya bwana mwenye suti, kalamu mfukoni. Je, huo si uongo? Wazee wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, nao hawakusema hivyo kwa mchezo. Walijua kwamba apambwaye kwa cha mwenziwe huvuliwa mbele ya watu siku mwenyewe akikitaka.

Nimewahi kuliweka swali hili mbele ya darasa la kidato cha tatu, na darasa liligawanyika. Upande mmoja ulisema kwamba picha ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni dhambi hata ukiwa mzuri. Mvulana mmoja alitoa mfano ambao sikuweza kuupuuza: kijana ampelekeaye mchumba picha akiwa ameegemea gari la watu. Upande wa pili ulisema kwamba hakuna mtu aendaye kupigwa picha na nguo za shambani, na kwamba kama kuvaa nguo nzuri ni uongo, basi kila sikukuu ni uongo. Kengele ililia kabla hawajapatana. Hukumu yangu ni hii.

Ni lazima kwanza tuulize picha inamwambia nani, na inamwambia nini. Katika Bamako ya miaka ya 1950 kila mtu alijua kwamba fundi ana suti za kuazima. Mama aliyeletewa picha ya mwanawe hakudhani kwamba ametajirika. Alijua amekwenda kwa Keïta. Desturi iliyo wazi kwa wote haimdanganyi mtu. Hata kwetu jambo hili halikuwa geni. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni huko Mombasa, walikuwako wapiga picha waliojenga vibanda na kuvipamba kwa mapazia ya kuchorwa, yenye meli, ndege na mandhari za kupendeza. Msafiri alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani. Hakuna baba aliyepokea picha ile akauliza mwanawe alipanda ndege lini. Alitazama kama kijana amenenepa au amekonda, kama ana afya, kama anakumbuka nyumbani. Picha ilisema salamu, na salamu ilikuwa ya kweli.

Kwa hivyo yule kijana wa mchumba ana hatia, lakini hatia yake haikuanza studio. Ilianza alipoichukua lugha ya nyumba moja akaipeleka katika nyumba isiyoijua, akanyamaza. Koti halikusema uongo. Aliyenyamaza ndiye aliyesema.

Kisha kuna jambo la pili, nalo kwangu lina uzito zaidi. Chukua ile kalamu. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika anaomba kalamu itiwe katika mfuko wa kifua chake, mahali itakapoonekana. Wewe uliyesoma waweza kumcheka. Lakini anasema nini? Hasemi kwamba ameandika barua. Anasema kwamba kusoma ni heshima, na kwamba kama angepewa nafasi asingeikataa. Hiyo ni habari ya kweli juu ya mtu huyo, tena ni habari ambayo kanzu yake iliyochakaa isingeweza kuitoa. Mtu ni vile alivyo, na pia ni vile anavyotamani kuwa. Picha itakayoonyesha la kwanza tu ni kweli nusu. Na mwaka ule wa 1950 walikuwako watu wengi wenye kamera na wenye madaraka waliopenda sana kuwaonyesha Waafrika nusu hiyo peke yake, wakaiita elimu.

Hapo ndipo niombapo tuvuke jangwa la Sahara kwenda kaskazini, katika nchi nyingine iliyokuwa chini ya dola ile ile ya Ufaransa, tuone kamera ikifanya kazi kinyume cha studio ya Bamako. Mwaka 1960 vita vilikuwa vikiendelea Algeria. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limewaondoa watu wengi wa mashambani katika makao yao na kuwaweka katika vijiji vilivyolindwa. Ikatolewa amri kwamba wawe na vitambulisho vyenye picha. Kazi ikapewa askari kijana aitwaye Marc Garanger, ambaye alikuwa mpiga picha kabla ya kuitwa jeshini. Katika muda wa siku kumi hivi alipiga picha za watu wapatao 2,000, walio wengi wanawake. Walikalishwa juu ya kigoda mbele ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, wakaamriwa kufunua nyuso ambazo katika maisha yao ziliwahi kuonwa na jamaa zao tu.

Uso umeumbwa na haya, tunasema. Na hapa haya ilivuliwa kwa amri. Picha zile zimechapishwa, na ukipata kuziona hutazisahau. Wanawake wale hawakuweza kukataa kukaa, hawakuweza kukataa kufunuliwa, lakini walibaki na kitu kimoja ambacho afisa hakuweza kukiamrisha, nacho ni macho. Wengi wao wanamtazama yule askari kwa hasira isiyofichika. Garanger mwenyewe hakuipenda vita ile, na baadaye, mwaka 1982, alizitoa picha zile katika kitabu ili ulimwengu uone macho hayo. Lakini hilo halibadili jinsi zilivyopatikana.

Sasa linganisha. Katika picha za Algeria hakuna suti ya kuazima, hakuna ua la plastiki, hakuna redio. Kila nguo ni ya mwenyewe. Kama ukweli wa picha ungekuwa ni kutoazima kitu, basi hizi zingekuwa za kweli kuliko zote. Tena nazo zilipigwa kwa filamu, na fundi alikuwa hodari. Walakini mtu yeyote mwenye moyo ataona kwamba ni picha za dhuluma, na kwamba zile za Bamako, pamoja na kalamu zake za uongo, zina haki zaidi. Tofauti haimo katika nguo wala katika kamera. Imo katika swali moja: ni nani aliyetaka picha hii? Bamako, aliyetaka ni yule aliyeketi, na fundi alikuwa mtumishi wake. Algeria, aliyetaka ni dola, na aliyeketi alikuwa mali iliyohesabiwa. Wazee wa Kenya waliovalishwa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma katika miaka ya 1920, chenye alama za vidole vyao, wangeifahamu tofauti hiyo bila kuelezwa na mwalimu.

Nimesikia wapenzi wa filamu wakisema kwamba filamu yenyewe humfanya mtu awe mwaminifu, na hata leo vijana katika miji mikubwa wameanza tena kuinunua kwa bei kali. Siwezi kukubali kabisa, maana Algeria imetuonyesha. Ugumu wa chombo haumpi mtu moyo mwema. Lakini nakubali neno moja. Chombo kigumu humchelewesha mtu, na katika kuchelewa huko dhamiri hupata nafasi ya kufika. Mwenye kipande kimoja cha filamu hutazama kwanza, ndipo apige. Mwenye simu hupiga kwanza, na kutazama hutazama baadaye, kama atatazama.

Umepata kuona mtu akianguka njiani? Zamani watu walikimbilia kumwinua, au walikimbia. Siku hizi kuna kundi la tatu, lisimamalo mahali pamoja likiwa limeinua simu. Mwanamke amezirai sokoni, nguo zimemtoka, na kabla hajapata fahamu uso wake umekwisha kufika katika miji asiyoijua. Hao wapigao picha hawamchukii. Hawamjui hata kumchukia. Mkono umetangulia, na ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwamba jambo lilitokea kweli. Ndiyo, lilitokea kweli. Mwanamke yule alianguka kweli. Nami nasema kwamba picha ile ni ya kweli kama za Algeria zilivyokuwa za kweli, na ni dhuluma kwa sababu ile ile.

Tumrudie Seydou, maana habari yake haikuishia studioni, na sehemu iliyobaki inalitatiza jambo ambalo nimejaribu kulinyosha. Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Mnamo mwaka 1962 serikali mpya ilimtaka awe mpiga picha wake, na studio yake ikafungwa. Alitumikia dola mpaka alipostaafu mwaka 1977, akaishi kwa utulivu, akipenda kutengeneza injini. Lakini zile negativu alizihifadhi, maelfu kwa maelfu, zimepangwa. Hilo ndilo tendo ninalolistaajabia kuliko yote. Hakuna aliyemwambia kwamba zina thamani. Wateja walikuwa wamekwisha kulipa na kuondoka, wengine wamekufa. Yeye aliendelea kulinda nyuso za watu ambao hawakumdai tena.

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake. Maandishi yalisema tu kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu mmoja kutoka Paris aitwaye André Magnin alizitafuta zilikotoka, akafika Bamako, akamkuta fundi yu hai. Mwaka 1994 lilifanywa onyesho kubwa Paris. Picha zilizokuwa na kipimo cha barua zilikuzwa hata zikajaa ukuta. Sifa na fedha vikaja, na baada ya kifo cha Seydou mwaka 2001, ukaja pia ugomvi juu ya nani ana haki ya negativu zile.

Katika ugomvi huo walizungumza wenye maduka ya sanaa, mawakili na warithi. Walioketi hawakuzungumza. Mtu aliyetaka picha ya kumpelekea mama yake Kayes, picha ya kuchukuliwa mfukoni, sasa ananing'inia katika nyumba ya tajiri asiyejua hata lugha yake. Je, aliitaka na hiyo? Kwa kanuni niliyoitoa mwenyewe hapo juu, imenipasa niulize. Sidhani kwamba amedhulumiwa kama wale wanawake wa Algeria, kwa kuwa mkao ule aliuchagua yeye na heshima ile bado imo ndani ya picha, na kuzificha tena kusingemfaa mtu yeyote. Naona hata angeweza kufurahi. Watu wengi wangefurahi. Lakini kufurahi kwa kudhaniwa si idhini, na deni la mpiga picha, ambalo Seydou alililipa vizuri kwa miaka mingi, limehamia kwa wale walio na picha zake mikononi.

Iko picha moja ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo huenda umeiona, maana imechapishwa mahali pengi. Kijana amevaa suti nyeupe na miwani mikubwa yenye fremu nyeusi. Kalamu imo katika mfuko wa kifua. Ameshika ua moja la plastiki mbele ya kifua chake, kwa vidole vyepesi, kama mtu ashikaye kitu alichopewa akitunze kwa muda mfupi. Hatabasamu, wala hajakunja uso. Anatazama mbele, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ametazamwa vema. Jina la fundi huchapwa chini ya picha hiyo, pamoja na mwaka na jina la mji. Jina la kijana kwa kawaida halimo.